Rozela Isiyopoteza Rangi

Wekundu wa rozela, au choya kama wengine wanavyoiita, unatokana na anthosianini. Hizi ni jamii ya polifenoli, kemikali ambazo mmea hujitengenezea kujikinga na jua kali na wadudu, na ndizo zinazosifiwa kwa kupunguza makali ya chembe huru, yaani molekuli zisizotulia zinazoweza kudhuru seli. Mwandaaji ana bahati hapa, maana rangi ikichuja anajua kabisa kwamba alichokitaka kinapotea.

Sokoni chagua maua yenye wekundu mzito, makavu kiasi cha kuvunjika ukiyabana kwa vidole. Yaliyogeuka kahawia yamekaa sana juani au stoo. Yaache hata kama bei ni poa. Ukikausha mwenyewe, anika kivulini penye upepo, juu ya wavu, kisha hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na mwanga.

Kosa kubwa liko jikoni: watu wanachemsha rozela nusu saa nzima kama maharage. Moto wa muda mrefu huharibu anthosianini. Chemsha maji peke yake, epua, kisha tia konzi mbili za maua yaliyosuuzwa haraka kwa kila lita. Funika dakika kumi hadi kumi na tano, chuja. Usitumie sufuria ya alumini, kwa kuwa rozela ni chachu na huila. Maji ya kisima yenye magadi nayo huifanya iwe na rangi ya zambarau iliyofubaa. Kamua ndimu uone wekundu unavyorudi papo hapo. Sukari iwe kidogo, la sivyo unakunywa soda ya nyumbani. Weka kwenye friji, imalize ndani ya siku tatu.

Sasa hili la “kuongeza damu” linalosemwa juu ya rozela. Rangi hiyo haitokani na madini ya chuma. Tena polifenoli zinaweza kushikamana na chuma cha maharage na mchicha, mwili ukashindwa kukichukua vizuri. Mwenye upungufu wa damu anywe rozela mbali na mlo, na asiache vidonge alivyopewa kliniki.

Vipimo vya maabara vinavyoonyesha dondoo la mmea likizima chembe huru hufanyika ndani ya chupa. Tumboni polifenoli nyingi hubadilishwa au kutolewa kabla hazijafika mbali. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia inatibu saratani, mpite. Kushusha presha kiasi, hilo lina ushahidi, na ndiyo sababu anayetumia dawa za presha amwambie daktari wake kabla ya kuizoea kila siku. Mjamzito vilevile aulize kwanza.