Mwenye Mashine ya Moyo Akianguka

Tukitembelea wagonjwa nyumbani huulizwa hivi: mtu aliyewekewa mashine ya kuendesha mapigo ya moyo, ile pesimeka, akianguka shambani au akipigwa teke na ng'ombe, mashine itaharibika?

Mashine yenyewe ni ngumu. Imefunikwa kwa madini ya titani, nayo hulazwa chini ya ngozi karibu na mtulinga. Kujigonga kidogo mlangoni, au mjukuu kumlalia kifuani, hakuidhuru. Udhaifu uko kwenye waya zinazopita ndani ya mshipa hadi moyoni. Wiki 4 hadi 6 za kwanza hazijashika sawasawa, zaweza kuchomoka. Ndiyo sababu mgonjwa hukatazwa kuinua mkono wa upande ule juu ya bega. Kuni na mtungi wabebe wengine, hata kama mama mwenyewe anasema ati amepona! Baadaye pia, pigo kali pale pale laweza kuharibu waya.

Lakini tuulize kwanza: ameanguka kwa nini? Aliyejikwaa kwenye jiwe si sawa na aliyeona giza kabla ya kuanguka. Huyu wa pili pengine waya imetoka au betri inakwisha. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na kadi ya mashine aibebe. Vivyo hivyo akiwa na uvimbe, usaha, kwikwi isiyokoma, au mapigo ya mkono yakiwa chini ya kiwango alichopewa na daktari. Na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda akigonga kichwa, asingoje, hata kama hasikii maumivu.