KUCHUA MISULI ILIYOCHOKA: WAKATI GANI KUNASAIDIA, WAKATI GANI KUNADHURU



Somo la leo ni juu ya maumivu ya misuli yanayoletwa na kazi za kila siku. Hapa Nkamira tunabeba maji, na wengine wetu hushuka Mahoko kutafuta kibarua cha kupakia viazi. Kidumu cha lita 20 kikijaa kinapita kilo 20. Ukikibeba mara nne kwa siku, mwili umebeba zaidi ya kilo 80. Ndiyo maana jioni utasikia watu wakiomba kukandwa bega au kiuno.

KWA NINI MSULI UNAUMA?

Msuli una nyuzi nyingi nyembamba. Kazi nzito usiyoizoea, au kazi ileile inayorudiwa bila kupumzika, huziumiza nyuzi hizo kidogo kidogo. Maumivu huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua. Wengi husema "mishipa imepandana". Mara nyingi ni msuli tu uliochoka na kukaza.

Kuchua kunaulegeza msuli na kupunguza maumivu kwa muda. Hakuungi mfupa, hakutoi sumu mwilini, wala hakuchukui nafasi ya mapumziko.

NAMNA YA KUCHUA

1. Nawa mikono kwa sabuni na ukate kucha. Mwombe mtu ruhusa kabla ya kumgusa.
2. Paka mafuta kidogo, hata ya kula yanafaa. Usipake pilipili wala dawa usiyoijua.
3. Anza kwa kupapasa polepole, ukielekea upande wa moyo.
4. Kisha kanda kwa kiganja na kidole gumba kwa dakika 5 hadi 10. Akikunja uso, punguza nguvu.
5. Usikandamize uti wa mgongo, mbele ya shingo, wala nyuma ya goti. Usikande tumbo la mama mjamzito.
6. Mwisho, nyoosha kiungo taratibu na uhesabu hadi 20.

USICHUE KABISA

Kijana mmoja, jirani yetu, alirudi kutoka kibaruani na maumivu ya paja. Ndugu zake walimkanda kwa nguvu siku tatu, kwa maji ya moto. Hata mimi nilidhani ni uchovu. Siku ya nne paja lilikuwa limevimba, la moto, na homa ilikuwa kali. Lilikuwa jipu ndani ya msuli. Alipasuliwa, akapewa dawa, akapona. Lakini siku zile tatu zingeweza kumgharimu maisha, maana vijidudu vya jipu vinaweza kuingia katika damu.

Kwa hiyo mpeleke mtu kituo cha afya siku hiyohiyo, bila kumchua, ukiona haya:

- Msuli umevimba, ni wa moto, na mtu ana homa.
- Kiungo kimepinda, au hawezi kukanyaga baada ya kuanguka.
- Shavu la mguu mmoja limevimba na linauma. Huenda damu imeganda ndani, na ikisafiri hadi kwenye mapafu inaua.
- Mgongo unauma, na miguu inakufa ganzi au anashindwa kuzuia mkojo.
- Baada ya kazi nzito mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi.

Kwa aliyeteguka kidogo na anaweza kukanyaga, usichue siku 2 au 3 za kwanza. Weka kitambaa cha maji baridi kwa dakika 10 hadi 15, inua kiungo na ukipumzishe.

KUJIKINGA

Beba nusu mara mbili badala ya kujaza mara moja. Badilisha bega. Ukiinua mzigo, kunja magoti na uusogeze karibu na mwili. Mtoto mdogo apewe kidumu kidogo, asipewe cha lita 20. Aliyeumia aachiwe siku chache, na wa nyumbani wamsaidie kuteka maji.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyumbani kwenu nani anabeba maji mara nyingi zaidi? Mnaweza kugawana vipi?
2. Taja dalili tatu zinazokukataza kuchua.

Ukiwa na mashaka, usichue. Tuulize sisi wahudumu wa kujitolea, au nenda kituo cha afya.

Kinga ni bora kuliko tiba.