"Sasa hivi" ni lini?

Katika lugha yetu yapo maneno mawili yatamkwayo kutwa kucha: "sasa hivi". "Sasa" lataja wakati tulio nao. "Hivi" lauonyesha kana kwamba kwa kidole, usisogezwe mbele wala nyuma. Kwa maana yake, basi, hakuna muda mfupi kuliko huo.

Lakini tuangalie matumizi yake. "Ametoka sasa hivi," asema mwenye nyumba, kumbe aliyetoka amekwisha kupanda basi. "Naja sasa hivi," ajibu aitwaye, naye hata viatu hajavaa. Mama, hata hivyo, amwambiapo mtoto, "Njoo sasa hivi!", mtoto ajua vema kwamba hapana nafasi ya kumaliza mchezo. Twaona, basi, ya kuwa tunapoamuru, "sasa hivi" ni fupi; tunapoahidi, hurefuka.

Udhaifu huu si wa Waswahili peke yao. Mtakatifu Agostino, aliyebatizwa Milano mwaka 387, asimulia katika kitabu cha 8 cha Maungamo yake jinsi alivyomwomba Mungu amngojee kitambo kidogo tu. Na kitambo hicho kikazidi kurefuka.

Mara nyingi hasara yake ni ndogo: chai hupoa, mgeni hungoja. Lakini kibarua aliyemaliza palizi huambiwa atalipwa sasa hivi, na usiku watoto wake hulala njaa. Tena mgonjwa huzidiwa, na jamaa husema, "Padre tutamwita sasa hivi," wakichelea kumtia mgonjwa hofu ya kufa. Padre afikapo, hakuta tena mtu wa kuungamisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, ulifundisha kwamba Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wanaokata roho tu. Wakati wake umekwisha kufika mara Mkristu aanzapo kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee.

Hatusemi maneno haya yaachwe. Twasema yapimwe kwa kipimo kimoja: "sasa hivi" tunayoahidi iwe sawa na ile tunayoamuru. Asiyeweza kuja mara moja na ataje saa, "Nitafika saa kumi," kisha afike saa kumi. Na aliye na mgonjwa nyumbani, akamwite padre leo.