Mawe ya Kale na Asili ya Binadamu

Mkulima wa Suneka akitaka kunoa panga lake haokoti jiwe lolote tu. Hutafuta kinoo kigumu, na akikipata hukitunza. Vivyo hivyo mchongaji wa Tabaka ajua kwamba jiwe la sabuni lafaa kwa kuchonga sanamu, lakini halifai kwa kukatia. Maarifa haya ya kuchagua jiwe ni ya kale kuliko wengi wanavyodhani, na ushahidi wake umefukuliwa si mbali na nchi ya Kisii, katika rasi ya Homa, ukingoni mwa ziwa Victoria.

Mahali penyewe panaitwa Kanjera. Dakta L. S. B. Leakey alitafuta mabaki ya kale huko katika miaka ya 1930. Baadaye wataalamu wengine, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichimba upande wa kusini wa Kanjera wakapata mawe mengi yaliyochongwa, na mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa. Vitu hivyo vina umri wa miaka milioni 2 hivi.

Ajabu ni kwamba baadhi ya mawe hayo si ya pale. Mlima Homa ni wa volkano, na mawe yake mengi ni laini, makali yake hufa upesi. Kwa hiyo viumbe wale walichukua mawe magumu kutoka mwendo wa kilomita 10 au zaidi. Wataalamu walipima madini yaliyomo wakayalinganisha na miamba ya sehemu mbalimbali, wakaona kwamba asili yake ni upande wa mashariki, zikiwemo nyanda za juu za Kisii, ambako mito huteremsha vipande vya miamba.

Maana yake ni nini? Anayekata nyama kwa jiwe lililo miguuni pake huwaza njaa ya leo. Lakini anayebeba jiwe kwa mwendo mrefu huwaza kazi ya kesho, naye akumbuka jiwe jema hupatikana wapi. Hapo twaona mwanzo wa akili ya kupanga mambo.

Habari za Nyayanga, katika rasi iyo hiyo, ni za kale zaidi. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza zana za mawe zenye umri wa miaka kati ya milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko waliochunwa. Mwaka 2025 walieleza kwamba baadhi ya mawe ya Nyayanga yalibebwa kilomita 13. Palipatikana pia magego mawili makubwa ya kiumbe aitwaye Paranthropus, ambaye ni wa ukoo wa karibu na wetu, lakini si babu yetu.

Wengi huuliza: Je, sisi tulitokana na nyani hawa tuwaonao porini? La, sivyo. Sisi na sokwe tu kama matawi mawili ya shina moja. Tulitengana zamani sana, na kila tawi likakua kwa njia yake. Watu wa namna yetu walionekana katika Afrika yapata miaka 300,000 iliyopita. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, mtoto mdogo alizikwa kwa uangalifu miaka 78,000 iliyopita, na habari zake zilitangazwa mwaka 2021. Baadaye baadhi ya watu wakatoka Afrika, wakaenea duniani kote. Basi Mwafrika, Mzungu na Mhindi wana asili moja.

Sasa yafaa kila msomaji ajue wajibu wake. Jiwe la Kanjera lilitupa habari hizi kwa sababu lilikutwa pale lilipoachwa. Kama mtu angaliliokota na kulitia mfukoni, lingalibaki jiwe tu, wala tusingalijua lilibebwa na nani wala kwa nini. Ukichimba msingi, kisima au mchanga ukaona mfupa uliogeuka jiwe, au mawe yaliyochongwa, usiyaondoe wala usiyauze. Yaache mahali pake, umwarifu chifu, na habari zipelekwe Makumbusho ya Taifa. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yataka vitu vya namna hiyo viarifiwe. Huo ni urithi wa watoto wetu.