Shida si miguu yake

Swali: Binti yangu hutumia kiti cha magurudumu. Matatu za hapa Eldoret humwacha stejini. Je, tatizo ni miguu yake? – Mama, Langas

Jibu: Hapana, mama. Kinachomfungia nyumbani ni ngazi ya matatu, mtaro usio na kivuko, na makanga anayelalamika kuwa kiti kitakula nafasi ya abiria. Mlango ukiwekewa mteremko, binti yuleyule, kwa miguu ileile, atapanda. Mwaka 1976 watu wenye ulemavu wa chama cha UPIAS, Uingereza, walitamka wazi kwamba jamii ndiyo inayowalemaza. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa binti yako haki ya kufikia maeneo yote na usafiri wa umma ipasavyo. Peleka malalamiko kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na usichoke kufuatilia.