RAMANI ZA KALE KAMA MATINI: MAJINA YA MAHALI NA MABADILIKO YA JAMII YA WACHAGA WA KILIMANJARO

IKISIRI

Ramani za kale hutumiwa na watafiti wengi kama ushahidi usiohitaji kuhojiwa. Makala haya yanadai kwamba ramani ni matini kama matini nyingine: ina mtunzi, ina watoa habari, ina tahajia na ina ukimya wake. Kwa kutumia mifano kutoka Kilimanjaro, makala yanaonyesha kwamba mtafiti asiyechunguza lugha ya ramani huweza kuyageuza makosa ya mchoraji yakawa historia ya jamii.

1.0 Utangulizi

Jamii ya Wachaga imechorwa katika ramani kwa zaidi ya miaka mia moja na sabini. Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848, na miaka michache baadaye yeye na Jakob Erhardt walitoa ramani ya Afrika ya Mashariki iliyotegemea sana masimulizi ya wasafiri wa misafara. Kuanzia 1861 Karl Klaus von der Decken alifanya vipimo mlimani, akifuatana kwanza na Richard Thornton na kisha na Otto Kersten. Katika enzi ya Wajerumani ulitokea mfululizo wa ramani za kipimo cha 1:300,000 uliotayarishwa Berlin chini ya Paul Sprigade na Max Moisel.

Ni rahisi kuziweka ramani hizi sambamba na kuhitimisha kwamba kila tofauti baina yake ni badiliko katika jamii. Hitimisho hilo ni la haraka. Baadhi ya tofauti ni za jamii, baadhi ni za kalamu, na kazi ya mwanaisimu ni kusaidia kuzitenganisha.

2.0 Njia ya jina hadi kwenye ramani

Jina la mahali halikufika kwenye karatasi moja kwa moja kutoka kinywani mwa mwenyeji. Rebmann aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili wa pwani. Kwa hiyo, majina mengi ya awali yalipita katika Kiswahili kabla ya kuandikwa na Mzungu mwenye mazoea yake ya tahajia. Mfano mzuri ni Machame. Wenyeji wenyewe huita lugha yao Kimashami. Rebmann aliandika “Majame”, Wajerumani waliofuata wakaandika “Madschame”, na Kiswahili kimeshika “Machame”. Mtafiti anayeziona herufi hizi tatu, j, dsch na ch, asidhani kwamba anashuhudia badiliko la sauti katika Kichaga. Anachokishuhudia ni masikio matatu tofauti.

Jina “Chaga” nalo lina funzo kubwa zaidi. Katika maandishi ya awali limeandikwa “Jagga”, na baadaye “Dschagga”, likitandazwa juu ya mlima wote kana kwamba ni nchi moja. Hata hivyo, mwenyeji wa karne ya 19 alijitambulisha kwa nchi ya mangi wake: Kilema, Marangu, Kibosho, Uru, Useri na nyinginezo, zilizotenganishwa na makorongo marefu. Uainishaji wa lahaja uliofanywa na Derek Nurse mwaka 1979 unathibitisha tofauti hizo, kwani msemaji wa Kimachame na msemaji wa Kirombo hawaelewani kwa urahisi. Jina la jumla lilienezwa na watu wa misafara waliouona mlima kutoka nje. Basi ramani ilitangulia kuuonyesha umoja ambao watu wenyewe waliujenga baadaye, hasa katika karne ya 20. Mwaka 1946 tawala za mangi ziliwekwa katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, na mwaka 1952 Thomas Marealle akawa Mangi Mkuu. Mtu akisoma “Jagga” ya ramani ya awali kama kabila lililokwisha kukamilika, atakuwa amesoma mwisho wa hadithi mahali pa mwanzo.

3.0 Jina moja, mahali pawili

Katika ramani za karne ya 19 “Moschi” ni nchi ya Mangi Rindi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mandara, nayo iko mtelemkoni, katikati ya migomba. Huko ndiko Wajerumani walikoweka boma lao baada ya kumshinda Mangi Meli mwaka 1893. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, kituo kilijengwa chini, uwandani. Mji ukakua kukizunguka, na jina likashuka mlima pamoja na utawala na biashara.

Mtafiti anayelinganisha ramani mbili kwa kufuata jina peke yake ataamini kwamba watu wa Moshi walihama. Hawakuhama, kilichohama ni jina. Wenyeji wa juu walibaki, na nchi yao ikaanza kuitwa “Old Moshi”, jina ambalo limo hata leo katika majina ya kata. Hapa pana jambo la kutafakariwa: mahali palipokuwa asili ya jina ndipo palipolazimika kuongezewa kivumishi, tena cha lugha ya kigeni, ili patambulike. Kimsamiati ni badiliko dogo, lakini linaeleza jinsi kitovu cha mamlaka kilivyoondoka kwenye vihamba kikaenda relini.

4.0 Majina ya ukumbusho

Aina nyingine ya majina haina budi kutengwa na data ya kihistoria. Hans Meyer, aliyefika kileleni na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, alikipa kilele jina la Kaiser Wilhelm. Mwaka 1961 kikaitwa Uhuru. Vibanda vya wapandaji katika njia ya Marangu vilivyokuwa na majina ya Bismarck na Peters sasa vinaitwa Mandara na Horombo. Mabadiliko haya yanarejesha heshima, lakini hayaonyeshi mipaka ya kale. Mandara alikuwa mangi wa Moshi, si wa Marangu. Mtafiti wa kesho atakayekichukua kibanda hicho kama ushahidi wa eneo la utawala wake atakuwa amepotoka.

5.0 Yasiyochorwa

Ukimya wa ramani ni mzito kuliko maneno yake. Uhai wa kihamba ulitegemea mfongo, yaani mfereji wa kuleta maji kutoka mtoni. Harry Johnston, aliyekuwa Moshi mwaka 1884, aliyaeleza mashamba yaliyonyweshwa kwa mifereji. Hata hivyo, katika kipimo cha 1:300,000 milimita moja ni sawa na mita 300 ardhini; mfereji wa upana wa hatua moja hauwezi kuonekana. Ramani ya Fritz Klute, iliyotokana na upimaji wa kwa picha wa mwaka 1912, ilikuwa ya ustadi mkubwa, lakini ilihusu hasa eneo la juu la miamba na barafu, ambako hakuishi mtu.

Wakati huohuo mistari ya serikali ilichorwa wazi: hifadhi ya msitu mwaka 1921, ukanda wa nusu maili mwaka 1941 kwa ajili ya kuni na mbao za wenyeji, hifadhi ya taifa mwaka 1973, na upanuzi wake mwaka 2005 ulioujumuisha msitu. “Nusu Maili” yenyewe imekuwa jina la mahali: kipimo cha mchoraji kimeingia katika msamiati wa watu. Mifongo mingi, yenye majina na koo zilizoichimba, haikupata hata nukta.

Hatari yake si ya kinadharia tu. Panapozuka mgogoro wa ardhi au maji, karatasi huaminiwa kuliko mzee. Msomi akitangaza kwamba mahali fulani “hapakuwa na kitu” kwa kuwa ramani haionyeshi kitu, anaweza kuwanyima watu haki kwa jina la elimu.

6.0 Utaratibu unaopendekezwa

Kwanza, kila jina liandikwe kama lilivyo katika ramani, pamoja na mwaka, kipimo na lugha ya mchoraji. Pili, njia ya jina ichunguzwe: nani alisema, nani alitafsiri, nani aliandika. Tatu, jina lioanishwe na mahali kwa kufuata mito na makorongo, ambayo hayahami, badala ya kufuata tahajia. Nne, orodha ipelekwe kwa wazee wa mitaa, nao waulizwe si majina yaliyomo tu, bali pia yale yaliyoachwa, hasa ya mifongo, na yarekodiwe katika lahaja ya mahali hapo.

7.0 Hitimisho

Ramani za kale ni hazina, ila si shahidi wa pekee. Zinaonyesha jamii ya mlimani kama ilivyosikika kwa wageni na kama ilivyohitajika kwa watawala. Lililobaki limehifadhiwa katika lugha, na wanaoyajua majina ya mifongo wanapungua. Ramani zitaendelea kutunzwa katika makabati ya nyaraka. Majina hayo yasipoandikwa sasa, hayatakuwa na kabati.