"Imebaki Kidogo Tu": Somo la Kusoma Ripoti ya Maendeleo

Mhariri aliniomba somo fupi la kihandisi litakaloeleweka hata na wenzetu wa sheria na uchumi. Nilitaka kuandika juu ya madaraja, nikaona wengi mtalala. Basi leo tuongee gemu. Wale msiocheza msigeuze ukurasa, maana mwisho wake somo hili linamgusa kila mtu anayedaiwa ripoti na mfadhili.

Oktoba 2023 tulikuwa watu wanne sebuleni mbele ya kompyuta moja: mimi, Mkenya mmoja anayesomea udaktari, na Waingereza wawili tunaopanga nao nyumba. Kampuni ya Cloud Imperium Games, ya bwana Chris Roberts, ilikuwa na mkutano wake na wapenzi wa gemu ya Star Citizen. Ikatolewa taarifa ya maendeleo ya Squadron 42, ile gemu yake ya pili yenye hadithi, anayoicheza mtu peke yake. Wakasema vipengele vyote sasa vimo ndani, kazi iliyobaki ni kung'arisha. Ikafuata video ndefu, vyombo vya anga vinapigana, nyuso za watu utadhani filamu. Mkenya wetu akapiga makofi. Mwingereza mmoja, aliyetoa pesa yake tangu yuko sekondari, alikaa kimya, halafu akauliza: "Sawa. Inatoka lini?"

Tarehe haikutajwa. Sisi tukamcheka, eti mzee wa mashaka.

Lakini jamani, hebu tuangalie historia aliyokuwa nayo kichwani. Gemu hii ilianza kuchangiwa na wananchi Oktoba 2012, na lengo lililotangazwa lilikuwa kuitoa Novemba 2014. Tarehe ikapita. Squadron 42 ikaahidiwa mwaka 2016, nao ukapita. Desemba 2018 ikatoka ratiba iliyosema majaribio ya mwisho yatafanyika 2020. Napo kimya. Wakati huohuo michango iliendelea kumiminika, na kufikia 2024 ilikuwa imepita dola milioni 700. Mtu aliyeyaona hayo yote akisikia "tunang'arisha", si lazima awe na roho mbaya ndipo aulize lini. Ameshajifunza.

Tuseme na upande wa pili, tusije tukadhulumu. Siyo kweli kwamba hakuna kitu. Star Citizen yenyewe, ingawa haijakamilika, watu wameicheza miaka mingi, wanaruka, wanatua, wanafanya biashara angani. Mafundi wanafanya kazi kweli, wengine wako hapahapa Manchester. Kwa hiyo swali la mhandisi siyo kama hawa ni waongo. Swali ni hili: kwa nini watu wanaofanya kazi kweli wanatoa ripoti zisizoaminika?

Sababu ya kwanza ni asilimia. Tom Cargill wa Bell Labs aliwahi kulisema kwa utani jambo ambalo kila mtengeneza programu analijua: asilimia 90 ya kwanza ya kazi hula asilimia 90 ya muda, na ile asilimia 10 iliyobaki hula asilimia 90 nyingine. Hesabu haijumlishi, na ndiyo maana yake. Tunapima kile tulichokwisha kifanya, ambacho tunakijua. Kilichobaki hatukijui, hivyo tunakiona kidogo.

Sababu ya pili ni viungo. "Vipengele vyote vimo" ni sentensi ya kweli, lakini haimaanishi kwamba vinafanya kazi pamoja. Chukua kalamu. Ukiwa na vipengele 10, jozi zinazoweza kugongana ni 45. Ukiwa na 20, jozi ni 190. Umeongeza kazi mara mbili, matatizo yameongezeka zaidi ya mara nne. Silaha peke yake ni nzima, mlango peke yake ni mzima, ukipiga risasi mlangoni gemu inazima. Hilo "kung'arisha" ndimo linamojificha.

Sababu ya tatu ni goli kuhamishwa. Tangu kampeni ile ya 2012, kila pesa ilipoongezeka na ahadi ziliongezeka. Kazi inasonga mbele, na mwisho nao unasonga mbele. Ukisoma ripoti moja moja, kila moja ina maendeleo. Ukizipanga zote mezani, umbali uliobaki ni uleule.

Sasa linganisheni na kampuni nyingine ya hapa Uingereza, Hello Games ya Guildford. Gemu yao ya No Man's Sky ilitoka Agosti 2016 ikiwa na upungufu mkubwa kuliko watu walivyotarajia. Waliodhani watakutana na wachezaji wenzao angani hawakuwaona. Watu wakakasirika, wengi wakadai warudishiwe pesa. Kampuni ikanyamaza. Novemba mwaka huohuo ikarudi na nyongeza kubwa ya bure, bila maneno mengi. Julai 2018 ikaja nyingine, safari hii watu wakaweza kucheza pamoja kweli. Nyongeza zikaendelea miaka na miaka, na wengi wa wale waliokuwa wakiwatukana wakaja kuwasifu. Wenye mashaka walibadilishwa na kitu walichoweza kukifungua na kukijaribu wenyewe jioni ileile.

Ndiyo maana mimi sikucheka Oktoba 2024, Cloud Imperium walipoicheza Squadron 42 jukwaani mbele ya watu, ikazima katikati zaidi ya mara moja, kisha wakataja mwaka 2026 kuwa ndio lengo. Wengi walicheka. Lakini kwangu kule kuzima kulikuwa na habari nyingi kuliko video yote ya mwaka uliotangulia. Video huchaguliwa vipande vizuri. Kitu kinachochezwa mbele ya macho yako kinakuonyesha kilipofika.

Sasa nije kwangu, maana nimewacheka wengine vya kutosha.

Utafiti wangu ni wa pampu ndogo ya maji inayotumia jua. Ripoti yangu kwa wafadhili muhula wa kwanza ilisema nimefika asilimia 80. Muhula wa pili, asilimia 90. Wa tatu, nikaona haya kuandika 90 tena, nikaandika 95. Sikudanganya, bwana. Michoro ilikuwepo, hesabu zilikuwepo, vifaa vilikuwa mezani. Msimamizi wangu hakusema kitu. Aliyeniumbua ni mjomba wangu wa Tanga, fundi muashi, ambaye ndiye aliyenilipia shule nilipofiwa na baba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Unamaliza lini?"

"Karibu. Imebaki kidogo tu."

Akacheka. Akaniambia hilo "kidogo tu" yeye amewauzia wateja miaka thelathini. Nyumba ikifika lenta mwenye nyumba anaambiwa imebaki kupaua. Ikipauliwa, imebaki lipu na umaliziaji tu, na hapo ndipo pesa huisha. Kisha akaniuliza: "Hiyo pampu, maji yameshatoka?"

Maji yalikuwa hayajatoka hata tone.

Usiku ule niliandika ripoti upya. Nilisema pampu haijapitisha maji, nikataja mambo matatu yanayozuia, nikaomba miezi sita zaidi. Niliogopa kweli, maana posho yangu ilikuwa inaisha mwezi wa sita. Walinipa minne, wakataka kuona maji yakitoka kabla ya kunilipa zaidi. Ni haki yao. Yalitoka wiki ya kumi na moja, machafu na kidogo, nikawapigia picha ya video bila kukata.

Basi ukiletewa ripoti, iwe ya gemu, ya nyumba unayojengewa nyumbani, au ukiandika yako mwenyewe, uliza haya manne. Kuna kitu gani leo ninachoweza kukijaribu mimi mwenyewe? Ripoti iliyopita iliahidi nini, na kimefanyika? Kazi imeongezwa tangu siku ile? Na "kumaliza" maana yake nini hasa?

Yule Mwingereza wetu bado hajacheza Squadron 42 yake. Siku hizi akiuliza "lini?", hatumcheki tena.